Mchungaji Yule wa Pichani



Juma lililopita nilipita Mtaa wa Samora, hapa Dar es Salaam, nikielekea Kariakoo kwa miguu. Kando ya njia kijana mmoja alikuwa amepanga picha zake za kuuza. Nyingi zilikuwa za namna moja: mchungaji mmoja, ng'ombe wachache, mti mmoja na jua linazama. Hakuna mtu mwingine, wala moshi wa jiko.

Nilimwuliza kama huko kwao watu huchunga peke yao namna hiyo. Akacheka, akasema, "Mzee, wateja ndivyo wanavyotaka."

Jambo hilo si geni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga kabla ya kuja mjini. Alipoanza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, wengi walimjua kwa chui na ndege wake. Jasho la mkonge halikuwa na mnunuzi.

Lakini yuko mchoraji aliyelionyesha jasho. Huko Ufaransa, mwaka 1857, Jean-François Millet, mtoto wa mkulima, aliwachora wanawake watatu wameinama, wakiokota masuke yaliyoachwa na wavunaji. Mbali nyuma yao kuna milundo ya mavuno, na msimamizi juu ya farasi. Baadhi ya wakubwa wa Paris walichukia. Upweke wa wanawake wale ulikuwa na sababu: mavuno yalikuwa na mwenyewe.

Nilipofika Kariakoo niliiona picha ile ile. Lori la mchele lilikuwa linashushwa, na gunia moja limepasuka. Mama mmoja aliinama na ufagio na ungo, akizoa punje zilizochanganyika na mchanga. Mamia ya watu walimpita.

Sisemi vijana waache kuchora machweo. Picha hizo zinalisha watoto wao. Nasema sisi tunaozitundika sebuleni tujiulize: nani amelima, nani amevuna, na gunia limekwenda wapi?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Yule wa pichani tumemwacha juani. Kivulini tumekaa sisi.