Kihamba na Shamba: Maneno Mawili Katika Njia za Uchaga

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi maneno mawili, kihamba na shamba, yatumiwavyo na watu wa miteremko ya Kilimanjaro wanapozungumza Kiswahili, na kuonyesha kwa nini haifai kulifasiri la kwanza kwa la pili. Habari hizi nilizikusanya katika safari ya gari ya siku nne: kutoka Moshi mjini hadi Siha upande wa magharibi, kisha Machame, Kibosho, Old Moshi, Marangu na Mwika, na mwisho Rombo hadi Tarakea, mpakani mwa Kenya.

Kwanza yafaa msomaji aielewe njia yenyewe. Mji wa Moshi uko chini, na mlima wapanda hata kufikia mita 5,895. Mito kama Kikafu, Weruweru na Karanga huteremka kutoka juu, nayo imechimba makorongo yenye kina. Kati ya korongo na korongo pana mgongo wa nchi, na juu ya mgongo huo ndipo watu wakaapo. Njia nyingi za magari zafuata migongo hiyo, kupanda na kushuka, wala si kwa urahisi zikatavyo makorongo. Kwa hiyo mtu aliye Kibosho akitaka kwenda Machame, ingawa ng'ambo si mbali, aghalabu hushuka mpaka barabara kuu ya Arusha, akaifuata hata Kwa Sadala, ndipo apande tena.

Umbo hili la nchi laonekana pia katika usemi. Zamani kila sehemu ilikuwa na mangi wake, mpaka utawala wa machifu ulipofutwa nchini mwaka 1963, na kila sehemu ilikuwa na matamshi na maneno yake. Ndiyo sababu wataalamu, tangu Guthrie aliyeziweka lugha hizi katika kundi la E60 hata Nurse aliyeziainisha mwaka 1979, hawasemi juu ya Kichaga kimoja, bali juu ya mlolongo wa lahaja: za magharibi kama Kimachame, za kati kama Kimochi na Kivunjo, na za Rombo. Sarufi aliyoitoa Johannes Raum mwaka 1909 ilikuwa ya lahaja ya Moshi tu. Undugu wa lugha hizi na Kiswahili ni dhahiri: Mvunjo husema mndu, numba na mburu, sisi twasema mtu, nyumba na mbuzi. Hata hivyo mtu wa Siha na mtu wa Useri wakikutana sokoni, si rahisi kila mmoja aseme Kichaga chake na kueleweka. Husema Kiswahili.

Kiswahili nacho si mgeni wa jana katika njia hizo. Rebmann alipofika Uchaga mwaka 1848 aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na chama cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kiliwakutanisha wakulima wa kahawa wa migongo mbalimbali. Lakini lugha ipandapo mlima huikuta nchi iliyokwisha kupewa majina, na hapo ndipo lilipo jambo letu.

Katika Kiswahili cha pwani na cha vitabuni, shamba ni mahali popote palimwapo. Katika Kiswahili cha Kilimanjaro sivyo. Shamba ni kipande cha ardhi kilicho chini, katika nchi ya joto, ambako hulimwa mahindi na maharage. Mtu hushuka kwenda shamba asubuhi na kupanda kurudi nyumbani jioni. Shamba laweza kukodishwa kwa msimu mmoja, na mtu aweza kuwa na mashamba mawili mahali mbalimbali. Kihamba ni kitu kingine. Kiko juu, katika ukanda wa migomba na kahawa, na ndani yake imo nyumba. Chini ya migomba hupandwa magimbi na viazi vikuu, na ng'ombe hufungwa zizini na kuletewa majani. Mipaka yake huonyeshwa kwa masale. Humo ndimo wazee walimozikwa, na kwa desturi ya kale kitinda mimba ndiye aliyebaki katika nyumba ya baba. Kilimo hiki cha vihamba chajulikana hata ng'ambo, kwa maana Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza vihamba vya Shimbwe Juu, katika Uru, katika orodha ya urithi wa kilimo mwaka 2011.

Huko Mwika nilimsikia kijana mmoja, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuja kwa likizo, akimwambia bibi yake, "Bibi, shamba lenu hili ni zuri sana." Bibi akamjibu kwa Kiswahili safi, "Mjukuu wangu, shamba liko chini. Hapa unaposimama ni kihamba. Babu yako amelala pale." Wote wawili walisema Kiswahili, wala hapana aliyekosea sarufi. Tofauti yao ilikuwa katika maana ya neno moja.

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo la kuchekesha tu. Mathalani ukoo ukutane baada ya msiba, na mjane aambiwe mbele ya watu, "Shamba ni lako." Hakimu au karani aliyetoka mkoa mwingine ataandika kwamba mjane amepewa ardhi ya mumewe. Wenyeji waliokuwapo wameelewa kwamba amepewa kipande cha mahindi huko chini, na kwamba kihamba chenye nyumba na kaburi la mumewe kimebaki kwa shemeji zake. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haki ya kimila yaweza kuandikwa katika hati, na sheria hiyo yamtambua mwanamke sawasawa na mwanamume. Lakini hati huandikwa kwa maneno, na neno likiwa na maana mbili, haki hupotea katikati yake.

Neno la tatu lathibitisha hayo. Maji ya vihamba huletwa kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kutoka mitoni kwa kufuata kingo za migongo. Wapo waandikao "mfereji" tu. Mfereji, hata hivyo, ni njia yoyote ya maji, hata ya maji machafu mjini, hali mfongo una wenyewe, una zamu, na una siku ya kusafishwa. Asiyefika siku hiyo hutozwa au hukosa maji. Neno hili limeingia katika ngeli ya m-/mi- bila taabu: mfongo huu, mifongo hii.

Mtori na mbege yameshuka mlima na kukubaliwa nchi nzima, kwa sababu yalifuata chakula na kinywaji. Kihamba na mfongo hayakushuka, kwa sababu ardhi na maji havisafiri. Hiyo si sababu ya kuyaacha. Napendekeza basi yaelezwe hivi: kihamba (ki-/vi-), ardhi ya ukoo katika miteremko ya Kilimanjaro, yenye nyumba, migomba na makaburi, irithiwayo kwa desturi; mfongo (m-/mi-), mfereji wa kumwagilia uliochimbwa na kutunzwa na jamii kwa zamu. Na chini ya neno shamba iongezwe maana hii: katika Kilimanjaro, ardhi ya kulima iliyo tambarare, mbali na kihamba.