Muhammad Yousuf: Muislamu wa Karachi aliyetwaa taji la dunia Afrika

Mwaka 1994, katika jiji la Johannesburg, Muhammad Yousuf wa Pakistan alimshinda Johannes Johannesson wa Iceland kwa fremu 11 dhidi ya 9, akawa Mpakistani wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa snuka kwa wachezaji wa ridhaa. Mwaka huo taifa lake lilishika kwa pamoja ubingwa wa dunia katika kriketi, hoki, skwoshi na snuka.

Snuka ni mkubwa wa mchezo wa pool tuuonao mitaani. Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na juu yake hupangwa mipira 22: myekundu 15, sita ya rangi nyingine, na mmoja mweupe unaogongwa kwa fimbo. Maafisa wa jeshi la Waingereza ndio walioubuni, huko Jabalpur, India, mwaka 1875. Haukuwa mchezo wa watu wa kawaida, na ndiyo maana ushindi wa Yousuf ulikuwa na uzito.

Alipotwaa taji hilo alikwisha vuka umri wa miaka 40. Hakuishia hapo, mwaka 2006 alirudi na ubingwa wa dunia wa wachezaji wakongwe. Waliomfuata walipita njia aliyoifyeka: Muhammad Asif alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2012, 2019 na 2024, na Ahsan Ramzan aliutwaa mwaka 2022 akiwa na miaka 16 tu.

Kwa nini tunawasimulia haya wazazi wa Buzwagi na Kahama? Mgodi wetu ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukasita mwaka 2021. Kazi zilipungua, lakini meza za pool zilibaki, na vijana wetu wamezizunguka tangu asubuhi. Mzazi hujiuliza: nimkataze mwanangu, au nimwache?

Sisi tunaona kwamba fimbo na mipira havina dhambi. Shabaha, subira na hesabu ya pembe ni mafunzo mema. Hatari iko kwingine. Mwenyezi Mungu ameharamisha kamari katika Suratul Maida, aya ya 90, na kamari haingojei dau kubwa. Ile desturi iliyozoeleka, kwamba aliyeshindwa ndiye alipie meza, wanazuoni wengi wameihesabu kuwa ni kamari, hata kama ni shilingi mia chache. Wachezaji wakichangia malipo sawa kabla ya kuanza, bila kujali nani atashinda, shubuha hiyo huondoka. Tena mahali pana hukumu yake: meza iliyowekwa ndani ya baa si mahali pa kijana wa Kiislamu, na mchezo unaompitisha wakati wa Adhuhuri umekwisha kuwa hasara.

Basi, mzazi, usianze kwa fimbo ya kuadhibu. Muulize mwanao anachezea wapi, nani analipa, na sala ameiswali saa ngapi. Majibu ya maswali hayo matatu yatakuonesha kama analea kipaji au anazama katika kamari. Yousuf alingoja hadi baada ya miaka 40 ndipo akavikwa taji. Nasi tuwe na subira ya kuwalea vijana wetu kabla ya kuwahukumu.