Fadhila Inayofunga: Uchawi na Genge katika White Cat

Riwaya ya White Cat ya Mmarekani Holly Black, iliyotoka mwaka 2010, hupangwa pamoja na hadithi za uchawi kwa vijana, lakini anayeifungua akitafuta majoka na fimbo za ajabu hatapata kitu. Mrogi wa humu hana tunguri wala maneno ya siri: anakugusa kwa kiganja kitupu, basi, yamekwisha. Ndiyo maana watu wote, warogi na wasio warogi, wanavaa glavu, na mkono mtupu hadharani unatisha kama kisu kilichochomolewa. Ukitaka kujikinga unanunua hirizi ya jiwe, ambayo hupasuka ikishazuia uchawi, na matapeli nao wanauza za bandia. Kuroga kumepigwa marufuku tangu 1929. Anayeijua historia ya Marekani ataona upesi mfano ulikotoka: marufuku halisi ya pombe ya 1920 hadi 1933 haikuwamaliza wanywaji, ila iliwapa akina Al Capone wa Chicago biashara nono. Kwenye riwaya, anayezaliwa na kipaji cha kuroga huonekana mhalifu kabla hajatenda lolote, na wa kumpokea ni genge.

Sheria hiyo inaeleza kwa nini mtu anaingia kwenye genge. Kwa nini hatoki ni swali gumu zaidi, na hapo ndipo uchawi wa Black unapofanya kazi yake hasa. (Asiyetaka kuujua mwisho aishie hapa.) Cassel Sharpe ana miaka 17, anasoma shule ya bweni, na katika ukoo wake wa warogi yeye peke yake ndiye anayedhaniwa hana kipaji. Anaamini kwamba akiwa na miaka 14 alimuua rafiki yake Lila, binti wa Zacharov, mkuu wa genge, na kwamba kaka zake Philip na Barron walimfichia siri. Hakuna anayehitaji kumtishia, maana anajiona amebebwa. Kumbe kipaji cha Barron ni kuchezea kumbukumbu, na kumbukumbu ile ni yeye aliyeipandikiza. Cassel ana kipaji adimu kuliko vyote, cha kugeuza umbo la kitu au mtu. Kaka zake wamekuwa wakimtumia kuwaondoa watu, kisha wanamfutia alichofanya. Lila yu hai, amegeuzwa paka mweupe, wazo ambalo Black alilichukua katika ngano ya Mfaransa Madame d'Aulnoy ya mwaka 1698. Kwa hiyo kamba iliyomfunga kijana huyu ni fadhila ya uongo, na hofu ya bunduki haina sehemu kubwa.

Itasemwa kwamba huko ni kukwepa swali, kwa kuwa familia za kweli hazina mtu wa kufuta kumbukumbu. Hazimhitaji. Mtoto anayeambiwa na wakubwa wake, mwaka baada ya mwaka, kwamba yeye ndiye chanzo cha balaa na wao ndio waliomsitiri, ataamini bila kuguswa na mtu. Tena uchawi wa Black haufanyiki bure, kwani kila kuroga kunamrudia mrogi. Babu yake Cassel, ambaye huua kwa kugusa, vidole vimemwoza. Barron naye amefuta kumbukumbu za wengine hadi zake zimemtoka, na anaishi kwa kusoma madaftari aliyoandika mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hadithi hii inamtakasa kijana: aliyesahaulishwa hana hatia. Lakini tazama anavyopigana. Anapasua ngozi ya mguu wake na kuficha hirizi ndani ya nyama, asifutwe tena, na hadi hapo msomaji yuko upande wake. Kisha anayachukua madaftari ya Barron na kuyaandika upya, akimtungia udugu mwema ambao haukuwapo. Ni wizi uleule, sasa umefanywa na aliyeibiwa. Mama yao, aliyetoka gerezani, naye anauroga moyo wa Lila ampende Cassel, na anadhani amempa mwanawe zawadi. Katika nyumba hii hata mapenzi ya mama yanatolewa kwa kumnyang'anya mtu mwingine.

Ninachomlaumu Black ni kumwachia Zacharov haiba nyingi kuliko anayostahili mtu wa kazi yake. Dosari hiyo inapungua makali katika vitabu viwili vilivyofuata, Red Glove cha 2011 na Black Heart cha 2012, ambamo maafisa wa serikali, ileile iliyoharamisha kuroga, wanamtaka Cassel awafanyie kazi kwa mkono wake. Nao wanamjia na ahadi ya kumsaidia.