Je, Wajua? Maksai, Ndugu na Majina ya Kator

Je, wajua kwamba ukiita "Malual!" katikati ya soko la Konyo Konyo, pale Kator, jijini Juba, umetaja rangi ya ng'ombe? Kwa Kidinka, Malual ni dume jekundu, Mabior ni jeupe, Machar ni jeusi. Kwa jike jina huanza na A, ndiyo maana kuna wasichana wanaoitwa Alual. Hata hayati kiongozi John Garang de Mabior, aliyezikwa hapa Juba, alikuwa na ng'ombe mweupe ndani ya jina lake.

Je, wajua kijana hulipataje jina la ng'ombe? Akivuka utoto, wazee wake humpa maksai. Kuanzia hapo wenzake humwita kwa rangi ya mnyama huyo. Yeye naye humtungia nyimbo, humfunga kengele shingoni na kumpitisha kambini akimwimbia, wasichana wakitazama. Ngomani huinua mikono juu na kuipinda ifanane na pembe. Maksai hazai wala hatoi maziwa. Kazi yake kubwa ni kupendwa.

Je, wajua kwamba E. E. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyeishi na Wanuer miaka ya 1930, alilalamika kuwa aanze na mada yoyote ile, mazungumzo yaliishia kwa ng'ombe? Angekuja Juba leo angekuta hayajaisha.

Je, wajua majivu ya samadi ni dawa? Huko Terekeka, kaskazini mwa Juba, Wamundari huchoma samadi jioni hadi kambi nzima ifuke moshi. Kisha mtu huchota majivu laini kwa kiganja na kumsugua ng'ombe mgongoni, shingoni, hadi kwenye shina la pembe, polepole kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Yanayobaki mkononi hujipaka mwenyewe. Mbu na inzi hukaa mbali na wote wawili.

(Tusidanganyane: mapenzi hayohayo yamemwaga damu. Wizi wa mifugo umeua watu wengi humu Sudan Kusini, na bunduki zimeuzidisha.)

Je, wajua ng'ombe wa mahari hawalali zizi moja? Baba hachukui wote. Baba wadogo, wajomba na shangazi, kila mmoja ana fungu lake. Ukitaka kujua ukoo wa bibi harusi, fuata ng'ombe wanakokwenda.

Je, wajua kwamba kwa Wadinka na Wanuer kaka akifa kabla ya kuoa, mdogo wake humwolea mke, na watoto wakizaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu? Yeye aliyewalea si baba yao kwa jina. Sijui kama kuna zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo ndugu anaweza kumpa ndugu.

Je, wajua Wabari, wenyeji wa Juba, wana majina yanayofuata mpangilio wa kuzaliwa? Wani, kwa mfano. Kaka zako wamo ndani ya jina lako hata kabla hujawajua.

Je, wajua ng'ombe mwenye jina hutoa maziwa mengi zaidi? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwahoji wafugaji 516. Waliowaita ng'ombe wao kwa majina walipata lita 258 zaidi kwa kila ng'ombe kwa mwaka. Wafugaji wa huku hawakuhitaji kuhojiwa.

Je, wajua homoni inayoteremsha maziwa ya ng'ombe ndiyo inayoteremsha ya mama? Inaitwa oksitosini. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walieleza katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda mrefu, homoni hiyo hupanda kwa wote wawili. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hali hiyo.

Je, wajua tembo nao huitana kwa sauti zilizo kama majina? Utafiti wa Samburu na Amboseli, Kenya, uliochapishwa 2024, uliwachezea tembo 17 sauti zilizorekodiwa. Kwa wastani waliitikia zaidi sauti zilizokuwa zimeelekezwa kwao.

Una jirani anayeitwa Mabior au Alual? Leo jioni mkaribishe chai, kisha mwombe akusimulie jina lake. Andaa na chupa ya pili.