Ukibadili simbo ya poti utakuja kulia, mimi imenikuta

Juzi nimeharibu kazi ya kwaya moja hapa Tukuyu, na kosa ni langu mwenyewe. Nawaelezea nyie mnaochezea plagini za muziki kwenye Linux.

Natumia Ardour, na plagini moja ya LV2 ya kupandisha na kushusha sauti. Nikafungua faili lake la maelezo, nikakuta poti imepewa simbo "gain". Nikasema aah, mimi Mswahili bwana, nikafuta nikaandika "sauti". Kufungua tena zile nyimbo, soprano wamewafunika besi wote! Vipimo nilivyopanga usiku kucha vimerudi mwanzo. Na kwa vile umeme wetu kipindi cha mvua hizi za Rungwe ni wa kuvizia, nilishasevu mara mbili. Hata ile nakala ya akiba ikafutwa.

Kwa nini? Poti ina vitu vitatu: namba ya mpangilio, simbo, na jina linaloonekana kwenye kioo. Programu ikihifadhi kazi yako inaandika simbo na kipimo chake. Namba hairuhusiwi kutumika hapo, maana inaweza kubadilika toleo jipya likitoka. Jina la kwenye kioo ndilo la kutafsiri, hata kwa Kinyakyusa ukitaka. Simbo haiguswi.

Ni kama namba ya mtihani wa kidato cha nne. Mtahiniwa 0045 yupo shule yako na yupo shule ya jirani, ila namba ya kituo inawatenganisha. Simbo nayo inatakiwa iwe ya pekee ndani ya plagini yake tu. Plagini yenyewe ndiyo inabeba anwani ya pekee duniani, kama anwani ya blogu yako. Ukibadili simbo, toa anwani mpya, yaani hiyo ni plagini nyingine.

Simbo inaanza na herufi au mstari wa chini, kisha herufi, tarakimu au mstari huo huo. Nafasi hakuna, kistari hakuna.

Zamani LADSPA, ya mwaka 2000, kila plagini ilikuwa na namba, na ya kudumu ulitakiwa uiombe. LV2 ilipokuja mwaka 2008 ikaweka anwani, huombi mtu.

Mimi nimerudisha "gain", sasa napanga upya nyimbo sita, moja moja. Kwaya bado sijawaambia. Mwenye swali aandike hapo chini.