Je, Wajua? Herufi ũ na ĩ zina njia ya mkato

Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, hazina vitufe vyake kwenye kibodi ya kawaida. Ndiyo maana jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o huchapwa mara nyingi bila alama zake. Hilo ni kosa la tahajia kama jingine lolote, na kulisahihisha ni kazi ya sekunde chache.

Kwenye Microsoft Word ya Windows, andika 0169 kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja: tarakimu zinageuka ũ. Namba 0129 huleta ĩ. Ila angalia herufi iliyotangulia. Katika neno mũndũ, ũ ya mwisho inafuata d, na herufi a hadi f nazo hutumika kama tarakimu za msimbo. Kwa hiyo teua 0169 peke yake kabla ya kubonyeza. Wenye Linux wanaweza kutenga kitufe cha Compose: wakibonyeza hicho, kisha ~, kisha u, ũ inatokea.

Jina unalolirudia sana lihifadhi zima. Mipangilio ya iPhone, na ya kibodi ya Gboard kwenye Android, ina mahali pa kuweka kifupisho, kwa mfano nwt kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. iPhone hukibadilisha kuwa jina hilo ukigusa kitufe cha nafasi. Gboard hulipendekeza jina juu ya vitufe. Chagua kifupisho kisicho neno halisi, la sivyo jina litajipachika katikati ya sentensi zako nyingine.