Bunduki Haramu Huzaliwa Halali

Ganda la risasi lililoachwa mchangani Turkana Kaskazini hubeba habari zake kitakoni, pale pini ya bunduki inapogonga. Pamechongwa herufi na tarakimu ndogo ndogo, ambazo mwenye macho mazima huweza kuzisoma akiliinua juani: alama ya kiwanda na mwaka lilipotengenezwa. Mwaka wa 2008, mtafiti James Bevan wa Small Arms Survey, taasisi ya Geneva inayofuatilia silaha ndogo duniani, alichapisha ripoti kuhusu risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa eneo hilo. Karibu nusu ya risasi zilizozunguka huko kinyume cha sheria hazikutoka Somalia, wala Sudan, wala Urusi. Zilitengenezwa Kenya. Kitakoni ziliandikwa KOFC, alama ya shirika la serikali lenye kiwanda cha risasi Eldoret.

Wala hakuna aliyevunja ukuta usiku kuziiba. Ripoti ilieleza kwamba polisi ndio waliokuwa wakiwagawia Waturkana ili wailinde mifugo yao dhidi ya Watoposa wa ng'ambo ya Sudan na Wadodoth wa upande wa Uganda. Mpaka ni mrefu, askari ni wachache, barabara ni za kukisia tu. Serikali ikaona nafuu kumwachia raia ulinzi wa nchi. Lakini risasi ikishatoka mkononi mwa afisa, hakuna daftari linaloifuata. Ataipiga aliyepewa, au ataiuza, au atambadilishia jirani kwa mbuzi.

Nimeanza na ganda hilo kwa sababu huku kwetu tumezoea jibu moja. Benki ikivamiwa, matatu ikitekwa, mfanyabiashara akipigwa risasi langoni kwake, msemaji atasema silaha zimeingia kutoka Somalia, na wasikilizaji wataitikia kwa vichwa. Upande wa Tanzania, Kigoma na Kagera, lawama huwashukia wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Ila linatupa usingizi mzuri kuliko tunavyostahili, kwa kuwa linamweka mwenye kosa ng'ambo ya mpaka daima.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka wa 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipomng'oa Idi Amin, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto na kuacha ghala la silaha bila mlinzi. Wakaramoja wakajichotea bunduki kwa maelfu. Uvamizi wa mifugo ulibadilika sura tangu siku hizo, kuanzia Karamoja hadi Pokot na Turkana. Kisha ukaja mwaka wa 1991. Januari Siad Barre alikimbia Mogadishu, na Mei Mengistu Haile Mariam akaikimbia Addis Ababa. Majeshi mawili makubwa ya Pembe ya Afrika, yaliyojazwa silaha na Moscow na Washington kwa zamu, yalisambaratika ndani ya nusu mwaka. Askari asiye na mshahara ana kitu kimoja cha kuuza. Katika soko la Bakaara, Mogadishu, bunduki ziliuzwa hadharani kwa miaka mingi, ilhali Umoja wa Mataifa ulikuwa umeiwekea Somalia marufuku ya silaha tangu Januari 1992.

Bahari nayo haijalala. Kati ya Februari na Machi 2016, meli za kivita za Australia, Ufaransa na Marekani zilikamata vyombo vilivyosheheni silaha katika Bahari ya Arabia. Ile ya Australia peke yake, HMAS Darwin, ilikuta karibu bunduki 2,000 za aina ya AK ndani ya chombo kidogo cha uvuvi. Mwaka wa 2018 manowari ya Marekani ikakamata nyingine zaidi ya 2,500 katika Ghuba ya Aden. Yemen na Somalia hutazamana, na nahodha anayeyajua maji yale hahitaji bandari.

Kutoka hapo, mzigo hauji kwa malori kumi ya kijeshi. Huja kama siafu: moja leo, mbili kesho, chini ya magunia ya mkaa, kati ya miguu ya ng'ombe wanaopelekwa sokoni, au imefunguliwa vipande na kugawanywa kwa abiria wasiojuana. Mandera, Liboi, Moyale, Lokichoggio, miji ya karibu na mpaka: vizuizi vya polisi vipo, na njia za ngamia zinazovizunguka zipo pia. Na kizuizini penyewe, kila dereva wa lori anajua kinachoulizwa kabla ya turubai kufunuliwa.

Mizigo mikubwa haihangaiki na vichochoro. Hupita bandarini ikiwa na mihuri. Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli MV Faina ikielekea Mombasa, wakajikuta wamekalia vifaru 33 vya aina ya T-72 pamoja na makombora na risasi. Serikali ya Kenya ilisisitiza kwamba vifaru ni vya jeshi lake. Hata hivyo, nyaraka za mzigo zilikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kuwa Serikali ya Sudan Kusini, na miaka miwili baadaye nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovujishwa na WikiLeaks zilithibitisha kwamba safari ilikuwa ya huko. Meli iliachiliwa Februari 2009 baada ya fidia ya dola milioni 3.2. Kama si tamaa ya vijana wachache wenye mashua za kasi, pengine tusingejua kamwe. Kifaru hakitumiki kuvamia duka la M-Pesa, najua. Lakini jeshi linalopokea vifaru hupokea pia bunduki ndogo, na jeshi lisilolipwa vizuri ndilo duka la silaha la kesho.

Tuje mjini. Jambazi wa Nairobi au Dar es Salaam mara nyingi hana haja ya kwenda mpakani, maana silaha iko karibu naye zaidi: kiunoni mwa polisi. Tanzania ililiona hilo mwaka wa 2015. Januari, kituo cha polisi cha Ikwiriri, Rufiji, kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki kuchukuliwa. Julai ikawa zamu ya kituo cha Stakishari, Ukonga, jijini kabisa, ambako askari na raia waliuawa na wavamizi wakaondoka na bunduki. Baadaye polisi walizikuta baadhi zimefichwa Mkuranga. Zote zilikuwa mali ya umma, zimenunuliwa kwa kodi. Kenya nayo, Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 waliuawa katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi walipokuwa wakifuata ng'ombe walioibwa. Wengi walikuwa makurutu waliotoka chuoni juzi. Taifa lililia kwa ajili ya vijana hao, na ilistahili. Bunduki zao hazikuombolezwa, ingawa ndizo zilizobaki hai porini.

Kisha kuna ile isiyoporwa wala kununuliwa, bali hukodishwa. Magazeti yetu yameripoti mara kadhaa kesi za maafisa waliofikishwa kortini wakidaiwa kuazima silaha za kazi kwa wahalifu, zitoke jioni na kurudi alfajiri kwa fungu la mapato. Hapo hesabu zetu zote huharibika. Bunduki moja ya kukodi hufanya kazi ya kumi. Mpelelezi akilinganisha maganda yaliyookotwa Kayole na yale ya Ruiru, huenda akakuta pini ni ile ile na sura za washukiwa tofauti kabisa. Genge lisiloweza kukodi huingia na bastola ya kuchezea ya watoto, likitegemea kwamba mwenye duka hatasubiri kuthibitisha.

Bei ndiyo kipimo kinachosema kweli kuliko taarifa yoyote ya wizara. Huko Kolowa, Pokot Mashariki, AK-47 ilibadilishwa kwa ng'ombe 15 mwaka wa 1986. Kufikia 2005 ilikuwa ng'ombe wanne. Mtu hahitaji shahada ya uchumi kuona kwamba katika miaka hiyo, yenye misako mingi na ahadi zaidi, bidhaa iliongezeka sokoni.

Misako yenyewe mara nyingi ndiyo iliyokuza biashara. Uganda ilipoanza kukusanya silaha Karamoja mwishoni mwa 2001, Wabokora, jamii mojawapo ya huko, walisalimisha nyingi. Majirani zao hawakufanya hivyo kwa kiasi kile kile, na jeshi lililoahidi kuwalinda halikuwalinda. Walivamiwa, wakanyang'anywa ng'ombe, vijana wao wakakimbilia miji. Aliyebaki na mtaji alinunua bunduki tena. Mwaka wa 2019 Kenya ilifanya jambo linalofanana na hilo ilipowanyang'anya silaha askari wa akiba, wale raia wa vijijini waliobeba bunduki ya serikali bila mshahara, kwa madai kwamba baadhi yao walizitumia vibaya. Madai hayo hayakuwa hewa. Lakini muda si mrefu wanakijiji wa Turkana na Baringo walikuwa wakilalamika kwamba wameachwa uchi mbele ya wavamizi, na askari wa akiba wakarudishiwa bunduki. Kwa nini walipewa bila mshahara toka mwanzo? Mtu mwenye njaa na bunduki ya kuazima ni swali ambalo halihitaji tume ya uchunguzi.

Mikataba tunayo. Azimio la Nairobi la mwaka wa 2000 lilifuatwa na Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayotaka kila bunduki ichongwe alama: inapotengenezwa, namba yake, kiwanda na nchi, inapoingizwa nchini, jina la nchi iliyoagiza na mwaka. Kituo cha kanda cha kusimamia hayo, RECSA, kipo Nairobi. Alama hizo zikifuatwa kwa dhati, bunduki iliyokamatwa Kitale inaweza kusema ilitoka ghala gani, chini ya sahihi ya nani. Nadhani hapo ndipo ugumu ulipo. Kumtaja mlanguzi wa Bula Hawa, ng'ambo ya mpaka wa Somalia, hakumgharimu mtu cheo, ila kutaja ghala kuna gharama.

Tunapenda zaidi moto. Mwaka wa 2016 Kenya ilichoma silaha haramu 5,250 huko Ngong, na Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta akaongoza uchomaji wa nyingine 5,144 hapo hapo. Picha zilipendeza. Small Arms Survey ilikadiria kwamba mwaka wa 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki 750,000, zilizosajiliwa zikiwa kama 8,000 tu. Kwa hiyo yale marundo mawili hayafikii hata mbili katika kila mia. Mimi ningeridhika na kitu kidogo kuliko moto: karatasi moja iliyobandikwa siku ile kando ya rundo, ikitaja ni bunduki ngapi kati ya zile ziliwahi kuwa za jeshi au polisi, wa nchi gani, na zilitoka ghalani lini.